Kabla ya Kukata, Jua Kinabeba Nini: Kufungua Paneli na Viambaza vya Boti ya Tanga

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wamiliki na mafundi wa boti za tanga. Waliokosa kufika wameomba wapate maneno yote, nami nayaweka hapa kama yalivyosemwa. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu mafundi, ndugu zangu wenye boti, kaka zangu na dada zangu mliokuja kwa sababu boti inavuja na hamjui maji yanaingilia wapi: karibuni, na asanteni kwa kuja.

Naanza na swali. Nani hapa amewahi kuliona ganda la boti yake kutoka ndani, lote, kuanzia omo, mbele kabisa, hadi tezi, nyuma kabisa? Sisemi sakafu. Sisemi makabati, wala ile mbao nzuri ya msaji inayong'aa kwa vanishi. Nasema ganda lenyewe, faiba tupu, mahali linapokutana na sitaha na mahali linapokutana na mkuku, ule uti mzito wa chini ya boti. Inueni mikono tuone.

Mikono ni michache. Sishangai. Boti ya tanga ya faiba tunaipata ikiwa imeshavikwa nguo: dari imefunikwa, mbavu zimefunikwa, ngama, ule uvungu wa chini kabisa ndani ya boti, imefunikwa kwa sakafu, na juu ya yote kuna mito, mapazia na taa. Tunaishi na boti miaka mingi tukiwa tunaifahamu kwa sura ya nguo zake. Siku inapoumia ndipo tunapogundua kwamba hatujawahi kuonana nayo.

Leo nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke. Kabla hujaweka msumeno kwenye kitu chochote ndani ya boti, jua kitu hicho kinabeba nini. Kama hakibebi chochote, kitoe kwa utaratibu, kihifadhi, endelea na kazi. Kama kinabeba, kitafutie mbebaji mwingine kwanza, ndipo ukitoe. Makosa yote makubwa niliyokuta kwenye boti za watu yanatokana na kulisahau neno hilo.

Kwanza tuulizane: kwa nini tufungue kabisa? Kuna wanaosema boti iliyofungwa vizuri iachwe, usiifukunyue. Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni nzito.

Mwezi Mei 2014, boti ya tanga iitwayo Cheeki Rafiki ilikuwa ikirudi Uingereza kutoka Antigua ikiwa na mabaharia 4. Wakiwa katikati ya Atlantiki walitoa taarifa kwamba boti inaingiza maji. Baadaye ganda lake lilionekana likielea juu chini, na mkuku haupo. Boti ya mpira ya kujiokolea ilikutwa bado iko mahali pake, haijaguswa. Mabaharia wale 4 hawakupatikana hadi leo.

Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walitoa ripoti yao mwaka 2015. Boti ile ilikuwa na ganda la nje, na juu ya ganda hilo, kwa ndani, ilibandikwa fremu ya faiba yenye vyumba vyumba, inayosambaza nguvu za mkuku. Wachunguzi walisema inawezekana kugonga chini kwa nyakati zilizopita, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kuliidhoofisha boti pale mkuku unapoungana na ganda. Tena wakasema jambo ambalo kila mwenye boti ya namna hiyo anapaswa kulisikia: pale fremu ya ndani inapokuwa imebandikwa juu ya ganda, kubanduka kwake ni kugumu kukuona.

Kugumu kukuona! Ndugu zangu, hapo ndipo penye shida yetu yote. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Ukitaka kujua afya ya boti, mwisho wa safari ni kule chini, kule kwenye giza, kule ambako mtengenezaji aliweka sakafu juu yake.

Kwa hiyo boti ikigonga mwamba, hata polepole, hata kama haivuji, fungua. Ukiona ufa mwembamba mahali ganda linapokutana na mkuku, fungua. Sakafu ikianza kulia ukiikanyaga ilhali zamani haikulia, mlango wa kabati ukikataa kufunga boti inapolala upande mmoja, weusi ukitokea kwenye mbao chini ya bamba za kufungia waya za mlingoti, fungua. Ishara hizi ndogo zina maana. Mlango haubani bila sababu. Kitu kimesogea, na kilichosogea hukioni.

Na kama boti yako ina ganda la pili la faiba lililomwagwa kwa kalibu moja, likiwa limefunika kila kitu na halina skrubu hata moja? Hapo unatoboa tundu la ukaguzi kwa msumeno wa duara, upana wa milimita 100 au 150 hivi, mahali ambapo hakuna waya, hakuna bomba na hakuna tangi nyuma yake. Weka kina cha msumeno kisizidi unene wa lile ganda la ndani. Kile kisahani kilichotoka usikitupe. Utapeleka mkono, utapeleka kioo, utapeleka kamera ndogo. Kisha tundu litavikwa kifuniko cha kufunguka, nawe utakuwa umepata dirisha la kudumu. Watu huogopa sana kutoboa ganda la ndani. Mimi naogopa zaidi kutokujua kilicho nyuma yake. Ila usitoboe fremu yenyewe, zile mbavu na pembe zilizoinuka. Toboa uwanda ulio kati yake.

Haya, tuingie kwenye paneli.

Paneli za kawaida, za dari na za ubavuni, kwa kawaida hazibebi chochote. Ni pambo, ni joto, ni kuficha waya. Lakini zina tabia moja inayowatesa watu: ziliwekwa kwa mpangilio, na hutoka kwa mpangilio ule ule ukiugeuza nyuma. Kilichowekwa mwisho ndicho hutoka kwanza. Ukianza na paneli ya katikati, utakuta imebanwa na ya jirani, na ya jirani imebanwa na utepe wa mbao, na utepe wa mbao ndio uliopaswa kuanza nao.

Nilikuta boti moja ambayo mwenyewe alikuwa ameshapoteza subira. Kulikuwa na paneli ya msaji pembeni ya kitanda, haina skrubu inayoonekana. Alichukua mtaimbo, akaingiza pembeni, akavuta. Paneli ilitoka, lakini vinia yake ya msaji, ule utando mwembamba wa mbao juu yake, ilichanika toka pembe hadi pembe, na nyuma yake tukakuta skrubu zote zimo, hazijaguswa. Zilikuwa zimefunikwa na vizibo vidogo vya mbao ya msaji, vimepakwa vanishi mara nyingi hata havionekani kwa taa ya juu.

Ukitaka kuviona vizibo, zima taa zote, kisha shika tochi na uilaze karibu na mbao, mwanga upite juu juu ya uso wake. Duara litajitokeza, maana nyuzi za kizibo hazilingani kabisa na nyuzi za mbao. Halafu kukitoa: toboa tundu dogo katikati ya kizibo, usitoboe zaidi ya unene wake, kisha zungusha skrubu ndani ya tundu hilo. Ncha ya skrubu itafika kwenye kichwa cha skrubu iliyo chini, itakosa pa kwenda, nayo itakinyanyua kizibo chenyewe polepole. Ni njia nzuri mno, haiumizi kingo za tundu. Patasi huziumiza.

Skrubu iliyoganda, usiilazimishe kwanza. Safisha mfereji wa kichwa chake kwa ncha kali, vanishi yote itoke. Weka ncha ya pasi ya kulehemu waya juu ya kichwa kwa muda, chuma kipate joto, kiache kipoe, ndipo ujaribu kwa bisibisi inayojaa mfereji sawasawa. Bisibisi ndogo kwenye mfereji mkubwa ndiyo mama wa skrubu zilizolika vichwa.

Dari za vinaili ni habari nyingine. Nyingi zimeshikwa kwa pini za stepla kwenye vipande vya mbao, na nyuma ya vinaili kuna sponji nyembamba ambayo kwa uzee hugeuka unga unaonata. Ukiona unga wa rangi ya chungwa au kahawia unadondoka, usihangaike kuiokoa. Itoe, kwangua sponji yote, na ukirudisha weka paneli nyembamba zinazofunguka. Maoni yangu ni kwamba dari inayogundishwa moja kwa moja kwenye sitaha haifai kurudiwa, hata kama ndivyo boti ilivyotoka kiwandani. Kila nati ya kila kifaa kilichofungwa sitahani iko nyuma ya dari hiyo. Siku nati ikivuja utafanya nini?

Kabla ya kugusa chochote, zima betri na uchomoe umeme wa nchi kavu. Waya hupita nyuma ya paneli, na wembe wa mashine haujui tofauti ya mbao na waya. Kama kuna bomba la gesi ya kupikia, funga mtungi na uuchomoe kutoka kwenye bomba. Funga vali za maji ya bahari kama boti bado inaelea, ingawa kazi kubwa ya ndani naipendelea ifanyike nchi kavu.

Na kila kinachotoka kiandikwe. Kipande cha utepe nyuma ya paneli: namba, mshale wa kuelekea juu, mshale wa kuelekea omo, kushoto au kulia. Skrubu zake kwenye mfuko wake, mfuko umebandikwa kwenye paneli. Piga picha kabla, piga picha wakati, piga picha baada. Mtu atakwambia atakumbuka. Hatakumbuka! Paneli mbili za boti zinaweza kufanana kama mapacha na zisiingiliane, kwa sababu ubavu wa kushoto na wa kulia wa boti nyingi haulingani kabisa, na aliyezikata alizikata kwa kuzilinganisha na ubavu wake.

Ukitoa paneli iliyooza, iliyovunjika, iliyobomoka, usiitupe. Hiyo ndiyo kipimo chako cha kukatia mpya. Nimeona watu wakitupa mbao mbovu asubuhi, na jioni wamekaa na karatasi wanajaribu kubuni mkunjo wa ganda kwa macho. Iliyobomoka ikusanye vipande, ipange sakafuni, ichore.

Sasa viambaza. Hapa naomba mnisikilize kuliko mlivyonisikiliza mpaka sasa.

Kiambaza ni ule ukuta unaokata boti kwa mapana, toka ubavu hadi ubavu, toka ngama hadi sitaha. Wengi hudhani kazi yake ni kutenga chumba cha kulala na sebule. Hiyo ni kazi ya ziada. Chukueni kasha la karatasi gumu la chupa, lile lenye vigawanyo ndani. Vigawanyo vikiwemo, unaweza kulikalia. Vitoe, libonyeze kwa kidole tu. Ganda la boti ni jembamba kwa ukubwa wake, na kinacholifanya libaki na umbo lake mawimbi yakilisukuma ni viambaza.

Tena kwenye boti nyingi kiambaza kikuu kiko karibu na mlingoti, na si kwa bahati. Mlingoti unasukuma chini. Waya za pembeni zinavuta juu. Mahali pengi bamba za kufungia waya hizo zimepigwa bolti kwenye kiambaza chenyewe, na kiambaza kimeshikwa na ganda kwa mikanda ya faiba. Upepo unaosukuma tanga unapita kwenye waya, unaingia kwenye bamba, unaingia kwenye kiambaza, unaingia kwenye mikanda, unaishia kwenye ganda na mkuku. Sasa niambieni: ukikata kiambaza, nguvu hiyo itapita wapi?

Nilipata kuitwa kuangalia boti moja iliyokuwa nchi kavu. Mwenyewe alikuwa mtu makini, msafi wa kazi. Alitoa kiambaza kikuu kilichooza, akakata kipya kwa kufuata cha zamani, ukataji mzuri kabisa. Kilipofika ndani hakikukaa. Juu kilibana, ubavuni kikaacha pengo. Alidhani amekosea kupima. Hakukosea kupima, boti ndiyo iliyobadilika. Mlingoti ulikuwa bado umesimama juu ya sitaha, waya zimelegezwa tu, na chini, nguzo za kuegemeza boti zilikuwa zimewekwa pale pale palipokuwa na kiambaza. Kiambaza kilipotoka, sitaha ikashuka, na nguzo zikabonyeza ganda kwa ndani.

Angalieni jambo la nguzo, kwa sababu halisemwi mara nyingi. Boti ikiwa nchi kavu, uzito wake unakaa kwenye mkuku, na nguzo za pembeni zinaizuia isianguke. Mafundi wazuri huweka nguzo hizo mahali penye kiambaza kwa ndani, kwa kuwa hapo ganda ni gumu. Ni sahihi kabisa. Lakini siku unapotoa kiambaza hicho, mahali palipokuwa pagumu kuliko pote panakuwa laini kuliko pote, na nguzo bado ipo inasukuma. Basi ongeza nguzo nyingine kwanza, penye kiambaza kinachobaki au penye fremu, zifunge kwa minyororo toka upande hadi upande, ndipo uiondoe ile ya zamani. Ongeza kwanza, ondoa baadaye. Kamwe usifanye kinyume. Na kazi hii ya nguzo ifanywe na watu wa yadi wanaoijua. Boti ikianguka huwezi kuidaka.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa kiambaza kikuu: mlingoti ushushwe. Siyo waya zilegezwe; mlingoti ushushwe. Kisha chukua kamba nyembamba, ivute toka ubavu hadi ubavu katika vimo vitatu au vinne, mbele na nyuma ya kiambaza, pima kila upana, andika. Pima pia toka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, na kinyume chake. Kisha weka maboriti ya mbao ya kuzuia: moja la kuzuia sitaha isishuke, likiwa limekaa juu ya ubao mpana chini ili lisitoboe ganda, na mengine ya kuzuia mbavu zisikaribiane wala zisiachane. Ukishatoa kiambaza, rudia vipimo. Vikiwa vilevile, endelea. Vikiwa vimebadilika, simama, rekebisha tegemeo, pima tena. Gundi ikishakauka, boti itabaki na umbo uliloikuta nalo siku hiyo.

Na kama ni viwili vilivyooza? Toa kimoja, rudisha kimoja, ndipo uende kwa cha pili. Usiviweke vyote nje kwa pamoja.

Kukitoa chenyewe: mikanda ya faiba inashika vizuri kwenye ganda, lakini kwenye mbao mara nyingi imeshaachia, hasa mbao ikishanyonya maji. Piga mkanda kwa kitako cha bisibisi usikilize. Palipo pazima pana mlio mkali. Palipoachia pana mlio mfu. Palipoachia, patasi pana itaubandua mkanda kwa urahisi. Palipo pazima, kata kando ya mbao kwa mashine ndogo ya wembe unaotetemeka, na uweke alama ya kina kwenye wembe, maana upande wa pili wa mkanda kuna ganda, na upande wa pili wa ganda kuna bahari.

Utagundua pia kwamba kiambaza hakipiti mlangoni. Watu hushtuka sana hapa, lakini boti nyingi zilijengwa ndani kabla sitaha haijafunikwa. Kata cha zamani vipande viwili au vitatu. Kabla hujakata, chora mistari iliyonyooka inayovuka mahali pa kukata, ili uweze kuvirudisha pamoja juu ya plaiwudi mpya kama kilivyokuwa. Kipya nacho kitaingia kwa vipande, na kiungo chake kisiwe tu mbao mbili zimegusana. Kiwe kiungo cha kupandana, au kiwe na ubao wa kuunganisha nyuma uliowekwa epoksi, ile resini inayoshika kama gundi na kukauka ngumu, na kisiangukie karibu na bolti za bamba za mlingoti.

Plaiwudi iwe ya baharini ya kweli, ile iliyopigwa alama ya BS 1088, na unene usipungue wa zamani. Kingo zote zinywe epoksi kabla hazijaingia, maana plaiwudi hunywea maji kwenye kingo. Hata kila tundu la bolti litoboe kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi iliyofanywa nzito, likikauka toboa tena kwa kipimo cha bolti. Maji yakija siku moja, na yatakuja, yatakuta epoksi, hayatakuta mbao.

Kiambaza kisiguse ganda moja kwa moja. Acha nafasi ya milimita 5 hivi, weka ukanda wa povu gumu. Ukingo wa mbao ukikandamiza ganda, ganda litakunja kwenye mstari ule ule kila wimbi linapopita, na baada ya muda utauona mstari huo kwa nje. Kisha weka puti ya epoksi pembeni, uifanye duara laini kwa kijiko au kwa kipande cha plastiki, kwa sababu faiba haipendi kona kali. Rangi yote na grisi yote itoke kwenye ganda pale mkanda utakapokaa: futa kwanza kwa kiyeyushi, halafu ndipo upige msasa. Ukipiga msasa kwanza unasukumia grisi ndani. Mkanda wa zamani unaobaki uupunguze kwa mteremko mrefu, sehemu 12 za urefu kwa sehemu 1 ya unene. Mikanda mipya iwe ya upana unaozidiana, milimita 100, kisha 150, kisha 200, kingo zake zisiishie mstari mmoja.

Resini gani? Ganda la zamani ni poliesta, na poliesta mpya haishiki vizuri juu ya poliesta iliyokauka miaka mingi. Epoksi inashika. Ni ghali zaidi, lakini hapa si pa kubana matumizi. Mkijenga kwa tabaka siku tofauti, osheni uso wa epoksi kwa maji na sponji ngumu kabla ya tabaka linalofuata, kwa sababu baadhi ya epoksi hutoa utando wa nta juu yake, na tabaka jipya litashika utando badala ya kushika epoksi.

Bamba za mlingoti zenyewe, ukishazitoa, usizirudishe bila kuzichunguza. Chuma cha stenlesi kinahitaji hewa ili kijilinde. Kikizikwa ndani ya mbao mbichi hakipati hewa, nacho huliwa kwenye mianya, mara nyingi pale pale kinapopita sitahani. Kwa nje kinang'aa. Kwa ndani kina ufa. Bamba lenye vishimo au mstari wa kahawia usiofutika halirudi kazini, hata kama linaonekana zuri kwa asilimia kubwa ya urefu wake.

Kuna kiambaza kingine ambacho sharti nikitaje, kile cha mbele kabisa, kinachozuia maji yasiingie ndani omo ikipasuka. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1974 huko Quanzhou, China, ilifukuliwa meli ya enzi ya Song, na ndani yake viambaza 12 vilivyogawa meli vyumba 13. Mafundi wale walijua. Na Titanic nayo ilikuwa na viambaza 15. Lakini mwaka 1912 vyumba vya mbele vilipojaa kupita kiasi, maji yalipanda juu ya viambaza vyenyewe na kumiminikia chumba cha nyuma, kisha kingine. Kiambaza cha maji kinafaa hadi kimo chake, na hadi tundu lake la kwanza. Kwa hiyo kama boti yako ina kiambaza cha namna hii, usikitoboe kupitisha waya wa taa halafu ukaacha tundu wazi. Kila kinachopita kizibwe kwa kiziba waya cha kukaza, na kiwe juu iwezekanavyo.

Vumbi. Nitasema kwa ufupi kwa kuwa halina mjadala. Unaposaga faiba ndani ya boti, uko ndani ya chumba kidogo kisicho na hewa. Barakoa ya kitambaa haitoshi; vaa yenye vichujio vya vumbi laini, na ukianza kazi ya resini badilisha vichujio viwe vya mvuke. Vaa nguo inayofunika mwili wote. Weka feni inayovuta hewa kwenda nje. Asetoni na cheche za grainda haviwi ndani ya boti kwa wakati mmoja. Kwenye boti za zamani, lile pazia la joto kuzunguka injini na bomba la moshi linaweza kuwa na asbesto: usiliguse, usilivunje, mwite mwenye ujuzi wa kulitoa.

Halafu kurudisha. Watu hufika hapa wamechoka, na uchovu huo ndio unaoharibu kazi nzuri. Nawasihi: usirudishe paneli hata moja kabla ya kumwaga maji. Mpira wa maji sitahani, dakika kadhaa kila mahali, kuanzia chini kwenda juu, kila bamba, kila dirisha, kila msingi wa nguzo ya uzio, mtu mmoja nje na mtu mmoja ndani na tochi. Mkianza juu, maji yatateremka na hamtajua yaliingilia wapi. Sasa hivi kila kitu kiko wazi. Nafasi hii hamtaipata tena kwa bei hii.

Hakikisha vijitundu vya kupitisha maji chini ya viambaza, kule ngamani, viko wazi na kingo zake zimepakwa epoksi. Kikiziba kimoja, maji yanakaa nyuma ya kiambaza kipya, na kuoza kunaanza upya. Kiambaza cha maji pekee ndicho kisichokuwa navyo.

Na paneli zirudi kwa namna ya kufunguka. Badala ya gundi, skrubu. Badala ya vizibo vilivyogundishwa kwa epoksi, vizibo vilivyokaa kwa vanishi tu, au skrubu zenye pete zinazoonekana. Najua wapo wanaosema skrubu zinazoonekana zinaharibu uzuri. Mimi machoni pangu paneli inayoonesha jinsi ya kuitoa ndiyo nzuri. Mtu atakayeimiliki boti hii baada yako ataifungua kwa dakika chache, ataona, atafunga. Na andika nyuma ya kila paneli, kwa kalamu isiyofutika, kuna nini nyuma yake: bolti zipi, waya zipi, bomba gani.

Kwenye meza ile ya pembeni nimeleta vipande vitatu vya kiambaza cha zamani: kimoja kizima, kimoja kimeoza kwa ndani ilhali vinia yake ni safi, na kimoja ambacho mkanda wake umeachia. Viko na nyundo ndogo ya plastiki. Vigongeni mmoja mmoja, msikilize tofauti kwa masikio yenu wenyewe, kisha tuje kwenye maswali.